Mwalimu wa Kwaya wa Nyumba ya Uani

Ukimuuliza mdogo wangu Tito ni nani aliyemfundisha kusoma, hatataja shule. Atakwambia ni mwalimu wa kwaya aliyekaa nyuma ya nyumba yetu kule Fairfield, Sydney, na usipomzuia atakuimbia jedwali la kuzidisha kwa tatu kwa sauti ya besi, sauti ambayo hata sasa hana. Mimi nina sababu yangu ya kumkumbuka mtu huyo, na ndiyo iliyonikalisha kuandika. Bila yeye nisingemaliza shule.

Tulimwita mzee kwa heshima tu. Nywele zake zilikuwa nyeusi tititi, na akikuona unazitazama alikuapia kwamba hazijatiwa rangi. Alipanga nyumba ndogo ya uani, chumba kimoja na jiko, na tulitumia pamoja bomba la nje, kamba za nguo na jua la asubuhi. Sisi ni Wakenya, yeye alitoka Kongo ya mashariki, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, ingawa baba yangu alidai kwamba Kiswahili cha jirani kina mashimo kama barabara za kwao. Jirani alijibu kwamba cha Wakenya kimevaa viatu vya kuazima. Waliambiana hivyo kila walipokutana kwenye mapipa ya taka, na wote wawili walicheka kila mara.

Kabla ya ugonjwa wa korona tulimjua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Waimbaji wake walikuwa wahudumu wa wagonjwa na watu wa maghala, kila mmoja na zamu yake, kwa hiyo kwaya nzima haikukutana hata siku moja. Basi alijirekodi kwenye simu. Aliimba sauti ya kwanza kwa kubana koo, akaimba ya pili na ya tatu, kisha akashuka kwenye ya nne hadi vioo vya dirisha letu vikatetema, na kila mwimbaji alitumiwa sauti yake akajifunze ndani ya treni. Serikali ilipokataza watu kuimba makanisani alitii, lakini alitii kwa kununa. Siku ya mazoezi aliendelea kuvaa tai, akakaa mlangoni pake hana wa kumwongoza, akaangalia ukuta.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alihubiri kushika saa, naye hakuwahi kufika popote kwa wakati. Alituambia majivuno ni sumu, halafu akasimama mbele ya kioo cha gari la baba akichana ndevu mpaka baba akapiga honi. Hakutaka kusikia Kiingereza kutoka kwa watoto wa Kiafrika. Tito akimwomba kinywaji kwa Kiingereza, aligeuka huku na huku akiuliza ni nani anaongea, mpaka mtoto akasema naomba maji. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameokota maneno mawili ya Waaustralia akayapenda kupita kiasi. Ukimweleza jambo lolote, hata msiba, alikujibu kwa uchungu wa kweli, "No worries."

Kitu kimoja hakikuwa na mzaha. Mke wake na watoto wao wanne walikuwa Kampala, wakingoja viza, na mipaka ilipofungwa faili lao lilisimama palepale. Shule za huko nazo zilifungwa. Basi baba huyu, anayefungasha nyama kiwandani zamu ya mchana, aliwafundisha wanawe kwa simu, jinsi alivyofundisha kwaya. Wote walipewa somo moja, na kila mtoto alitumiwa sehemu yake kulingana na umri wake. Nilimsikia asubuhi akieleza habari za mvua mara nne, kila mara kwa maneno makubwa kidogo. Nilidhani anapoteza akili.

Mimi nami nilikuwa naelekea huko. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa na shule nne ndani yake. Tito ndiyo kwanza alikuwa ameanza, Neema alikuwa na miaka tisa, Brian kumi na mitatu, nami nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani ule ambao Sydney nzima huuongelea kama siku ya kiyama. Mama alihudumia wazee kwenye makao yao na hakuweza kukataa zamu. Baba aliendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany usiku na kulala mchana, kwa hiyo sisi tulisoma kwa kunong'ona. Jaribu kumfundisha mtoto wa miaka mitano sauti za herufi kwa kunong'ona.

Mimi ndiye kifungua mimba, tena msichana. Anayejua maisha yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Shule zilipohamia kwenye kompyuta hakuna aliyeitisha kikao kuamua nani atawasimamia wadogo, maana iliamuliwa siku niliyozaliwa. Nilimtoa Tito chini ya meza, nikamweleza Neema sehemu za namba, nikamfuma Brian akicheza mchezo huku mwalimu wake anaongea peke yake, nikasonga ugali, nikafunika sahani ya baba. Darasa langu mwenyewe lilikuwa wazi chumbani, jina langu limeandikwa kwenye kioo, na nyuma ya jina hakuna mtu.

Akina mama wa kanisani walimpigia mama simu kumwambia ana bahati, kwamba Zawadi, yaani mimi, ni mama mdogo wa nyumba. Mama alinirudishia sifa hizo kwa fahari, na nilizipenda. Zilikuwa sifa za kweli na zilinikaba. Walimu wangu waliponiandikia kwa upole kuuliza niko wapi, nilijibu niko salama. Baridi ilipoingia, maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikaamua kuacha. Nilipanga kutafuta kazi ghalani na kumaliza masomo baadaye, na nilijua kabisa kwamba hiyo baadaye haipo. Sikumwambia mtu.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, Tito mapajani, Neema ubavuni ananivuta mkono, na Brian amesimama juu yangu na hesabu asizotaka kuzifikiri. Mwalimu wa kwaya alikuwa bombani akiosha buti zake nyeupe za kiwandani. Alituangalia kwa muda, akafunga maji.

"Zawadi, we unaimbaka sauti gani?"

Nikamwambia mimi siimbi.

"Hapana. Nakusikiaka kila asubui. Unaimba ya Tito, unaimba ya Neema, unaimba ya Brian. Yako iko wapi?"

Nilicheka, halafu nikaanza kulia, mbele ya wadogo zangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tufike nchi hii. Niliwafukuza ndani, nikamwambia yeye kile ambacho sikuwa nimemwambia hata mama, kwamba naacha shule. Hakunibembeleza. Aligeuza ndoo akaikalia, mbali nami kama watu wa afya walivyotaka, akanisimulia habari ya msichana mmoja wa kwaya yake ya kwanza kule Uvira, kwao Kongo.

Msichana huyo alijua sauti zote nne. Akikosekana mtu wa sauti ya pili, mwalimu alimpeleka huko, na akiugua mtu wa sauti ya tatu alimpeleka huko pia, na kila Jumapili alimsifu mbele ya kanisa zima. Ikaja sikukuu ambayo kila mwimbaji alipewa ubeti wake aimbe peke yake. Zamu yake ilipofika alifungua kinywa, kisha akamgeukia mwalimu na kumuuliza kwa sauti ndogo aimbe ya nani. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, na hakuja tena. Mzee aliniambia kwamba amefundisha watu wengi wasiojua kuimba, na wote amewasahau, lakini huyo hajamsahau, kwa sababu ni yeye mwenyewe mwalimu aliyemmaliza, tena kwa kumsifu. Kisha akasimama na kusema atazungumza na baba yangu. Nilimsihi asifanye hivyo. Akaniambia, "No worries," nikazidi kuogopa.

Jumapili ya wiki ile ile alitokea. Baba alikuwa ametoka kuamka, amevaa fulana ya kulalia, anakunywa chai kwenye ngazi. Mwalimu wa kwaya akatoka kwenye nyumba yake ndogo amevaa suti, tai, viatu vinavyong'aa na barakoa, amebeba kreti la soda. Alilibeba kwa mikono miwili, taratibu, akasimama karibu na kamba za nguo kama mtu aliyetumwa na ukoo mzima. Mama alipomwona dirishani alikimbia kufunga kitambaa kichwani. Brian alininong'oneza kwa Kiingereza akiuliza kama huyu mzee amekuja kuposa.

Na kwa kweli, nani angedhani vinginevyo? Kwetu mtu hakuvalii suti na kukuletea kreti uani kwako bila sababu. Mzee alipoanza kuongea akazidi kuharibu. Alisifu paa la nyumba, ambalo si letu. Alisifu lori la baba, ambalo pia si letu. Alisifu mikono ya mama inayowaosha wazee wa watu. Kisha akasema kwamba katika nyumba hii kuna kitu cha thamani, amekiona kila siku kwa macho yake, na amekuja kwa heshima zote kukiombea. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alijua jirani ana mke Kampala, kwa hiyo alikata shauri kwamba ametumwa na kapera fulani wa kwaya. Aliweka kikombe chini.

"Mzee, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini huyu msichana bado yuko shule. Hakuna mtu ataongea mambo yake hapa mpaka amalize masomo. Hakuna."

Mwalimu wa kwaya alitua kreti.

"Bon," akasema. "Njo ile nilikuya kuomba, Papa Zawadi. Amalize."

Baba hakuelewa. Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, kisha akamrudia mgeni.

"Unasema anasoma," mzee akaendelea kwa upole. "Anasomaka saa ngapi?"

Mama alinitazama, nami nikatazama chupa za soda. Najua wanaume ambao wangemfukuza jirani wa namna hiyo, mtu wa nje anayekuja kuchungulia chungu chako. Baba yangu ni mkali, lakini ana jambo moja jema, hali matapishi yake. Alikuwa ametangaza mbele ya mke na watoto kwamba binti yake yuko shule, na sasa ilibidi awe shule kweli. Akaniita nikae karibu naye, akaniuliza tangu lini sijaingia darasani. Nikamwambia yote, hata la kuacha. Halafu akamuuliza mzee anataka nini hasa.

Mzee alitaka watoto watatu, uani, kila asubuhi mpaka wakati wake wa kwenda kiwandani. Na alitaka ruhusa ya kelele. Baba alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alisema atalala na pamba masikioni, na kama haitoshi atalala ndani ya gari. Mama, ambaye hakuwahi kupiga simu shuleni isipokuwa kuomba radhi, alipiga siku iliyofuata na kuwaambia walimu wangu kwamba mtoto wake amerudi, wamsaidie. Kreti la soda lilikwisha siku mbili.

Ndivyo ilivyoanza shule ya uani. Mzee alikaa mlangoni pake na barakoa yake, watoto wakakaa kwenye simenti, na mwiko wa ugali ukawa fimbo ya kuongozea. Somo lilikuwa moja kwa wote. Kama ni ndoo ya maji, Tito alihesabu vikombe vinavyoijaza, Neema aligawa ndoo kwa vikombe na kuandika majibu, na Brian alitafuta bomba lingejaza bafu kwa muda gani, kisha akachora mstari wake kwenye karatasi. Mwishoni walikuja pamoja. Kila mmoja alisema sehemu yake kwa mdundo, mdogo akianza, wakubwa wakiingia juu yake, mzee akipunga mwiko na jasho likimtoka. Alirekodi hayo yote akayatuma Kampala. Kesho yake majibu yalirudi, sauti nne za watoto ambao hatujawahi kuwaona, na dumu lao la njano na namba zao, na Tito alikasirika kweli aliposikia kwamba kitinda mimba wa huko amehesabu mpaka mbali kumshinda.

Asidhani mtu kwamba mzee alikuwa bingwa wa masomo. Alimfundisha Neema kwamba mji mkuu wa Australia ni Sydney, na Neema akamwandikia mwalimu wake hivyo hivyo. Brian alipomletea ushahidi, mzee alisema mji mkuu ni pale penye watu, akapendekeza lipigiwe kura. Hesabu za Brian hakuziweza kabisa na hakuona aibu. Alimwambia amfundishe, na Brian, ambaye alikuwa hamwonyeshi uso mwalimu wake kwenye kioo, alijifunza kwa bidii ili tu amwone mtu mzima akishindwa.

Tena alikuwa na ulimi. Siku moja alimwambia Neema kwamba anaimba kama bawaba ya mlango, na mtoto akalia mpaka akapata kwikwi. Mzee hakuomba msamaha, sidhani kama alijua namna ya kumwomba mtoto. Siku iliyofuata alileta mandazi ya moto aliyokaanga mwenyewe, akaweka mbele ya Neema sahani nzima, akaenda kusimama kando kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Neema alikula moja, akampa moja. Yakaisha.

Siku Neema alipolia ndipo nilipojua ugumu wa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, kitabu kiko mbele, na miguu yangu ilikuwa tayari imesimama kabla sijaamua. Nilifika dirishani. Mzee, bila kugeuka, alinyoosha kiganja kuelekea kwangu, kama anavyomnyamazisha mwimbaji ambaye zamu yake haijafika. Nikarudi kukaa. Wiki za mwanzo sikujua la kufanya na ukimya ule. Mikono yangu ilitafuta penseli ya mtu wa kumchongea. Polepole nikaanza kusoma sentensi mpaka mwisho, kisha ukurasa, kisha nikagundua kwamba napenda jiografia, kwamba kuna watu wanaolipwa kupima ardhi, na kwamba ningependa kuwa mmoja wao. Mtihani tuliufanya na barakoa usoni. Sikuongoza darasa, lakini nilipata nafasi chuoni, na baba alimwonyesha kila dereva mwenzake barua ya chuo.

Mipaka ilipofunguliwa familia ya mzee ilikuja. Tulikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, na Tito akamtambua kitinda mimba wao kwa sauti kabla hajamwona. Nyumba ya uani haikuwatosha, wakahamia Penrith kwenye ua mpana, na tukabaki watu wa kupigiana simu sikukuu.

Mwaka jana nilimfuata mzee huko. Nilikuwa nimemaliza chuo na nimepata kazi ya upimaji Australia Magharibi, mbali kuliko nilivyowahi kwenda peke yangu. Nyumbani hawakukataa. Mama alinyamaza, na baba alisema tutaona, na kwetu tutaona ni hapana ya adabu. Mgongo wa baba ulikuwa umechoka, Brian alikuwa amejikita kwenye kazi zake, Neema alikuwa na mitihani, na Tito, wote walijua, hakai na hesabu asipokaa na mimi. Nilipanda treni kwa nia moja, kumwomba mwalimu wa kwaya avae suti azungumze na baba.

Nilimkuta anapalilia mchicha, amevaa miwani, mvi zimemshinda hatimaye. Wanawe walinisalimia kwa Kiingereza na yeye akajifanya hakusikia. Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hapana, Zawadi. Ile wakati ulikuwa mutoto, nikakuombea. Sasa uko muntu muzima. Baba yako anangojea kukusikia weye, hapana miye."

Nilikasirika. Nilimwambia ni rahisi kwake kusema, haishi nyumba ile, hajui macho ya mama. Hakubishana. Aliinama akaendelea na magugu yake, nami nikabaki nimesimama pale na hasira yangu na simu mkononi. Nikampigia baba. Siku hizo alikuwa ameshahamia zamu ya mchana, na alipopokea nilisikia injini.

"Baba, ile kazi nimeichukua," nikasema. "Naondoka mwezi ujao. Sikupigii kuomba ruhusa. Naomba baraka yako."

Nilisikia lori likipunguza mwendo, taa ya kona ikigonga, kisha injini ikazimwa.

"Na Tito?" akauliza. "Nani atakaa na yeye na hizo hesabu?"

Miaka yote nilikuwa na jibu moja kwa maswali ya namna hiyo.

"Wewe, baba."

Nilidhani amekata. Kisha akakohoa, na kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua, akaniuliza Tito amefikia wapi kwenye hesabu siku hizi. Nikakaa chini kwenye nyasi nikaanza kumweleza.